Nyekundu Iliyokosewa

Tarehe 4 Februari

Kitinda mwanangu,

Mimi mzima. Miguu ndiyo sijui niisemeje, haijapona wala haijanilaza, tunaburuzana tu. Anayeandika hapa ni jirani yetu wa ukuta mmoja, yule aliyekuwa mpiga chapa ofisini kabla hajastaafu. Nimemwambia andika kila ninachosema, yeye kila saa, "Dada, vuta pumzi kwanza." Haya, nimevuta.

Barua yako ilifika. Ningependa tuongee kwa simu, lakini ulivyosema ile simu ni ya kampuni na ina masikio, nimeiacha ikae huko huko.

Sasa sikiliza. Juzi nilikuwa kwenye kikao cha akina mama. Unajua mambo ya pale, kila mtu anamtoa mwanawe kama mtu anayetoa vyombo vya kabatini. Mmoja wa kwake nesi. Mmoja wa kwake anaendesha lile dude la kuchimba barabara. Zamu ikafika kwangu. Nikasema, "Wangu yuko ng'ambo, kwenye kampuni kubwa ya nyuzi. Anaangalia uzi."

"Anaangalia uzi?"

"Ndiyo."

"Halafu?"

"Halafu anaangalia mwingine."

Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na chai. Nami nikacheka, nifanyeje, lakini nilirudi nyumbani nimenuna. Hebu nieleze vizuri hiyo kazi yako niwe na la kusema.

Na kubwa ndilo hili, nimelichelewesha makusudi. Ulisema mkataba unaisha mwezi wa sita na unarudi. Barua hii ya mwisho mbona kimya? Nilimwomba jirani aisome tena nikidhani kuna mstari kauruka, akakasirika, akasema yeye hajawahi kuruka mstari tangu aajiriwe. Unarudi au hurudi? Usinizungushe. Chumba chako nimekipaka chokaa, na chokaa ile haikunitosha, ukuta wa nyuma ya mlango umebaki vilevile, utauona ukija.

Mama yako
(dole gumba langu hili hapa, wino ulizidi)


Tarehe 1 Machi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Na kwa mama jirani, shikamoo pia, na pole kwa kazi.

Waambie akina mama hivi. Shati moja la dukani lina ndugu wengi. Kitambaa kimefumwa nchi moja, kola imekatwa nyingine, zipu na vifungo vimetoka kwingine, na mshonaji yuko mbali na wote hao. Lakini nyekundu zote lazima ziwe nyekundu moja. Nani anasema nyekundu ni ipi? Kampuni yetu. Tuna kadi ya rangi, kila rangi na namba yake, na mwenye duka kubwa akiagiza nguo anataja namba tu. Washonaji wa nusu ya dunia wanayo kadi hiyo ukutani. Kuna kampuni nyingine hapa hapa mjini, wapinzani wetu, uzi wao ni wa bei rahisi na mashine zao ni mpya kuliko zetu. Wateja wanawapita wanakuja kwetu, kwa sababu kuiacha kadi uliyoizoea ni kama kuhama nyumba na watoto wote na kuku.

Na kadi hiyo inalindwa na macho. Mashine inasema rangi hizi zinafanana, lakini neno la mwisho ni la sisi wanne. Tunaweka uzi na kitambaa ndani ya kasha lenye taa: tunawasha taa ya mchana, taa ya dukani, taa ya nyumbani. Kuna rangi zinapatana mchana, ukiwasha ya dukani zinagombana kama wake wenza. Mimi naziona kabla hazijaanza kununiana. Nilizaliwa hivyo tu, mama, sijui niseme nini.

Sasa kampuni yenye kitu kama hicho hailali mlango wazi. Anayepima dawa ya rangi haambiwi jina la rangi. Anayejua jina haioni dawa. Sisi wa macho tunakaa nyumba za kampuni, tunapanda basi la kampuni, tukiumwa ni kliniki ya kampuni. Watu wa ile kampuni nyingine tukikutana nao sokoni tunageuza shingo, tumeambiwa tusisalimiane.

Kuhusu kurudi. Siku ya kuweka sahihi nilikuwa na furaha, nikausoma mkataba kama mtu anayekula akiwa wima. Mwezi wa sita unaisha kweli. Lakini kampuni ikitaka kuuongeza, inauongeza bila kuniuliza. Pasipoti yangu iko kwenye kabati lao, wanasema kwa usalama. Siku wakisema hawanitaki, watanipa pasipoti na tiketi. Bila hivyo, siendi popote.

Na wananitaka, mama. Ndiyo shida yenyewe.

Kitinda wako


Tarehe 20 Machi

Kitinda,

Kumbe ni jela yenye mapazia! Na mimi huku natembea kifua mbele, wangu yuko ng'ambo, wangu yuko ng'ambo.

Nimekaa na hilo jambo siku kadhaa. Jirani ananiambia nile, nakula, lakini chakula kinapita kama abiria. Halafu nikamkumbuka shangazi yako mkubwa, yule mwenye mwanya. Alipoolewa ule ukoo, wakaonja mkono wake mara moja tu, basi. Harusi, yeye jikoni. Msiba, yeye jikoni. Mtoto kakatwa kitovu, yeye jikoni. Wenzake wamekaa mkekani wanasukana na kusengenya, yeye anasikia vicheko tu kupitia moshi. Akiomba kupumzika wanamwambia, "Ah, wewe mkono wako hauna mfano." Sifa tupu! Sifa ndizo zilizomfunga pale. Siku moja akaweka chumvi, akasahau, akaweka tena. Akasahau kwa makusudi. Wazee walikunywa maji siku ile mpaka matumbo yakawa yanalia kama vibuyu. Shughuli iliyofuata wakamwambia, "Mke wetu, wewe kaa tu upumzike." Na mpaka leo anakaa, mkubwa hivyo, amenenepa.

Umenielewa? Kosea, mwanangu. Kidogo tu. Jicho lichoke. Wakuone huna faida, wakurudishe.

Jirani kaweka kalamu chini, anasema hili yeye haandiki, ni kumfundisha mtoto ubaya. Nimemwambia ubaya ni kumfungia mtoto wa mtu pasipoti kabatini. Jirani, andika. Haya, anaandika, lakini kwa kuninunia.

Mama yako


Tarehe 28 Juni

Mama,

Nilikosea.

Ilikuja kazi ya suruali nyekundu, mzigo mkubwa, wa mwenye maduka. Uzi ulitakiwa ujifiche ndani ya kitambaa, usionekane kabisa. Nikauweka kwenye kasha. Mchana ulijificha. Nikawasha taa ya dukani, ukaruka, ukasimama juu ya kitambaa kama umechorwa kwa kaa la moto. Kosa la wazi, hata wewe ungeliona. Nikachukua kalamu, nikaandika "imepita."

Nikakaa kusubiri kufukuzwa. Mama, nilishafunga hata viatu kwenye gazeti. Nikawa nasalimia watu kama mtu anayeaga.

Wiki zikapita, msimamizi wetu akaniita. Nikaingia na uso wa msiba. Ndani wamekaa wakubwa, na mezani kuna keki. Mwenye maduka aliziona suruali chini ya taa zake, mishono yote inawaka. Akasema hajawahi kuona kitu kama kile, anaitaka kwenye kila nguo ya msimu ujao. Wameipa namba kwenye kadi, wameipa na jina, refu, maana yake ni kaa la moto. Nilikosea makusudi nikapigiwa makofi. Mmoja akanilisha keki kwa uma wake.

Ile kampuni nyingine inajaribu kuiiga usiku na mchana. Imeshindwa. Wanashindwa kwa sababu wanajitahidi kuipata sawasawa.

Mkataba waliongeza siku ileile, miaka miwili. Wamenipa chumba changu peke yangu cha kufanyia kazi, kina dirisha lisilofunguka. Wanasema nitafute na wadogo zake: bluu ya aina ile, kijani ya aina ile. Nikae nikosee vizuri, kwa mshahara.

Viatu nimevifungua. Nisamehe, mama. Sikuwa na namna nyingine ya kujaribu.

Kitinda


Tarehe 9 Oktoba

Kitinda, Kitinda, Kitinda!

Kaa chini kabla hujasoma. Umekaa? Haya.

Kwanza uzi wako umefika huku. Fundi cherehani wa hapa kona, yule anayeshona huku anaimba, ameubandika mlangoni. Wasichana wanamzonga, "Nitilie ile inayowaka, nitilie ile inayowaka." Nilimwambia, "Hiyo ni ya mwanangu." Akaniambia, "Bibi, na jua je, ni la mjukuu wako?" Mshenzi yule. Lakini hilo siyo nililotaka kusema.

Nililotaka kusema ni kwamba nimepata mgeni. Mwanamume mrefu, tai mpaka kwenye mkanda, viatu hata vumbi linaogopa kuvikalia. Jina lake lilinishinda, namwita Bwana Tai. Ametoka kampuni yenu, kazi yake ni kushughulikia watu, sijui kuwashughulikia vipi. Alikuja na godoro jipya na picha yako kubwa kwenye fremu. Umekonda. Nimemwambia hapo hapo, "Huyu mbona amekonda?" Akasema ni taa za mpiga picha.

Akakaa, akanywa chai, akaanza kumwaga sifa. Mwanao ana jicho la ajabu. Mwanao ametupa rangi ambayo hakuna mwenzetu anayeiweza. Mwanao, baada ya miaka mingi ya utafiti, hivi na vile. Nikamwangalia. Nikaona, hee, hapa mlango umekuja wenyewe kunigongea. Watu wale wana majivuno, mwanangu, na mtu wa majivuno ukimwambia ulimcheka atakufukuza siku hiyohiyo.

Nikamwambia, "Utafiti gani, baba? Ile rangi ni kosa."

"Kosa?"

"Kosa. Nilimwambia mimi akosee, ili mmwachie arudi nyumbani."

Hakutoa hata kalamu. Akamaliza chai yake taratibu, akauliza kwa upole kama daktari, "Kwa hiyo alikusudia, mama?"

Nikasema, "Alikusudia! Uzi ule alijua haufai akaupitisha. Mfukuzeni!"

Akainuka, akanishukuru kwa mikono miwili. Kwa mikono miwili, Kitinda! Akaniachia na kadi yenye namba yake ya simu, nikihitaji chochote nimpigie.

Basi funga mizigo. Viatu vile virudishe kwenye gazeti. Nimenunua chokaa nyingine, namalizia ule ukuta wa nyuma ya mlango.

Jirani alikuwa ameacha kuandika, ananitazama tu. Namuuliza una nini, ananisogezea wino wa dole.

Mama yako


Tarehe 2 Novemba

Mama,

Waliniita. Bwana Tai alikuwepo, na mwanasheria. Kumbe simu yake mfukoni nayo ilikuwa na masikio; walinisomea maneno yako, yote, mpaka "mfukuzeni."

Hawanifukuzi. Wanasema mtu aliyeharibu mali ya mteja kwa kukusudia anashtakiwa, na huku ni jela kweli, siyo yenye mapazia. Au niweke sahihi miaka mitano mingine, na jambo hilo wanalisahau.

Nimeweka sahihi.

Usimwambie tena mtu yeyote chochote kuhusu mimi. Yeyote, mama. Nakuomba kwa jina la baba.

Kitinda


Tarehe 11 Desemba

Mwanangu,

Jirani aliponisomea ile barua yako nilimwambia anipe, nikaikalia, kama vile nikiikalia yale maneno yatakufa. Sikutoka nje mpaka watu wakaja kuuliza kama ninaumwa. Wamezoea sauti yangu, mtaa ulipokuwa kimya wakadhani nimekufa. Mimi ndiye niliyekufungia mlango ule, na nilikuwa nacheka nikiufunga. Siombi unisamehe kwa barua. Kwa barua ni rahisi mno.

Sasa nisikilize, na usishtuke.

Niliifikiria sana hiyo kampuni. Wale wanakula kwa kitu gani? Si kwamba ni wema, si kwamba ni wa bei rahisi. Wana kitu ambacho mwenzao hana, kinatakiwa, na hakiigiki. Basi. Nikajiuliza, na mimi kikongwe, nisiyejua hata kusoma jina langu, nina nini? Nikakaa, nikakaa. Nikaona ninao mdomo.

Nikatoa ile kadi, jirani akanipigia namba. Ile simu yenye masikio, safari hii nilitaka isikie. Nikasema, "Bwana Tai, hujambo? Yule mama wa godoro hapa. Jirani yangu amenisomea boksi la uzi kwa fundi. Limeandikwa rangi hii ni matunda ya miaka mingi ya utafiti. Sasa, kuna duka la ile kampuni nyingine hapa mtaa wa pili, na muuzaji wake ni mtu mcheshi sana, anapenda hadithi. Nami nina hadithi."

Nikasikia anafunga mlango kwanza.

"Unataka nini, mama?"

"Mwanangu arudi."

"Hilo haliwezekani."

"Basi nipelekeni mimi kwake."

Nikamsikia anagonga kalamu mezani kama mtu anayepiga hesabu. Akasema nitakupigia. Nilidhani ndiyo basi, nitasubiri mpaka meno yaliyobaki yang'oke. Hata sikusubiri! Alinipigia kesho yake, mchana kweupe, chakula kiko jikoni. Kila kitu ndiyo. Tiketi ndiyo, kibali ndiyo, nyumba kubwa zaidi ili tuenee ndiyo. Mimi nitoe dole gumba tu kwamba habari za ile nyekundu sitazisema kwa mtu mpaka naingia kaburini.

Nimetoa. Nimemshinda, Kitinda! Mtu wa tai mpaka mkanda, na shule zake zote!

Kila ninayempenda huku nimeshamuaga isipokuwa jirani, yeye nashindwa. Sasa hivi anaandika hili na pua inamwagika. Futa, jirani, utalowesha karatasi.

Nakuja.

Mama yako


Tarehe 9 Machi

Jirani yangu wa ukuta mmoja,

Leo anayeandika ni Kitinda, kwa hiyo usishangae mwandiko. Yeye hanikatizi kama wewe, anaandika tu kila kinachotoka, nami nashindwa hata kupumzika.

Nimefika. Nilipomwona nilisahau miguu, nikakimbia, jirani, mimi! Watu wa uwanja wa ndege wakadhani nimeiba kitu. Amekonda kweli, siyo taa za mpiga picha. Namlisha.

Nyumba ni nzuri. Iko juu sana, tunapandishwa na chumba cha chuma. Chini kuna mlinzi, nikitaka kutoka anauliza naenda wapi, na mimi lugha yake sina, basi nanyoosha kidole kwenye mti mmoja ulioko pale, ananiruhusu, naenda mpaka kwenye mti narudi. Majirani wapo mlango kwa mlango lakini tunasalimiana kwa kichwa kama kuku wanaodonoa. Kitinda akishuka kwenda kwenye basi la kampuni naanza kuongea na friji. Friji la huku linanguruma, lakini halina maoni. Sijawahi kukaa kimya siku nzima tangu nijue kusema, sasa ndiyo nafundishwa uzeeni.

Pasipoti yangu nayo wameichukua, kwa usalama. Wameiweka kwenye kabati lile lile, imelala na ya Kitinda, mama na mwana.

Lakini jioni mlango ukilia, anaingia. Huku nina mtu mmoja tu wa kuzungumza naye, na ndiye yule niliyekuwa namtaka. Naongea mpaka anasinzia kijiko kiko mdomoni. Kwa hiyo usinilie. Bwana Tai yule nilimpiga kweupe, na akili zangu hizi za jikoni. Wasimulie akina mama, lakini ile habari uijuayo iruke.

Ni mimi, jirani yako
(dole hili, huku wino wao ni mwepesi)

Mama jirani, shikamoo. Hapa chini naandika mimi mwenyewe, Kitinda. Mama yuko jikoni anaimba, hajui.

Bwana Tai alikuja kumpokea uwanja wa ndege na maua. Mama alipokuwa anahangaika na mizigo, alinipa mkono akaniambia kwamba wakubwa wamefurahi sana, hawakujua jambo hili lingekuwa rahisi hivi. Mtu akiwa na mama yake hapa, anaacha kutazama nyuma. Wale wenzangu watatu wa macho, akasema, mama zao nao kampuni imeanza kuwatafuta iwalete.

Mama anaamini alimshinda. Ukimjibu, mpongeze. Barua zako nitakuwa namsomea mimi.

Kitinda